Mume anataka Rotwaila, binti anataka kijibwa cheupe, mama mkwe anaswali barazani

BARUA

Shikamoo mama mshauri,

Nina miaka 37, nina watoto wawili, na tunaishi Goba, Dar es Salaam, kwenye nyumba yetu wenyewe tuliyohamia kabla haijaisha, kama wengi wanavyofanya huku. Ukuta wa mbele na wa pembeni umekamilika na geti lipo. Nyuma bado. Kuna kozi nne za tofali, halafu michongoma na mabati chakavu. Mume wangu anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini na mara nyingi husafiri na malori mpaka Tunduma. Akiondoka ni siku kumi, wakati mwingine wiki mbili. Mimi nina duka la dawa Mbezi. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, narudi saa mbili usiku.

Mwezi wa nne, mume akiwa safarini, wezi waliingia kwa nyuma. Walibeba pampu ya kisima, mtungi wa gesi na nguo zote zilizokuwa kwenye kamba. Niliwasikia. Nilikaa chumbani na watoto, simu mkononi, hata taa sikuthubutu kuwasha. Asubuhi mjumbe alikuja, polisi wakaandika, ikaishia hapo. Tangu siku hiyo mume wangu ana neno moja tu: mbwa.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, maana kila mtu ana mbwa wake kichwani.

Mume anataka Rotwaila. Mwenzake wa kazini anahamia Dodoma mwisho wa mwezi huu na anagawa dume la miezi saba, bure kabisa. Anasema ni mbegu safi na kadi ya chanjo ipo. Mbwa huyo hushinda na mnyororo nyuma ya nyumba na kuachiwa usiku, na mume anasema hiyo ndiyo sababu ni mkali, hata kuku wa jirani akipita anachachamaa. Ameshachora kichwani mwake kibao cha "Mbwa Mkali" cha kubandika getini.

Binti yetu wa miaka tisa anataka Maltizi, kale kajibwa keupe kenye manyoya marefu kama pamba. Alikaona kwa rafiki yake wa shule, akachora picha, akaibandika kwenye friji. Nilipouliza bei niliambiwa laki nane. Mdogo wake wa kiume ana miaka minne. Huyu hana chaguo, kila mbwa anayemwona barabarani anamwita Popi na kumkimbilia.

Kaka yangu wa Kilosa ana jike la kienyeji linalolinda shamba lake la mahindi, limezaa watoto watano. Anasema nichukue hata wawili. Mume alicheka: "Nijenge nyumba yote hii halafu nilindwe na koko?"

Halafu yupo mama mkwe. Ana miaka 70, ni mtu wa Pangani, na tuko naye tangu Januari alipofanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho. Anaswali barazani kwa sababu ndiko kwenye upepo. Ameshasema kwamba nyumba yenye mbwa malaika hawaingii, na kwamba yeye nguo zake zitanajisika kila saa. Mume anamjibu kuwa mbwa wa ulinzi ameruhusiwa. Wanabishana kwa sauti ya chini, kila mmoja akijifanya hana hasira, na mimi nipo katikati nachambua mchele.

Chakula cha mbwa sidhani kama kitakuwa tatizo. Tuna dada wa kazi, ndiye anayeuza maji ya kisima kwa majirani (shilingi mia kwa ndoo, hiyo ndiyo inayotununulia umeme), ndiye anayepika na kumpokea mdogo akitoka chekechea. Cha mbwa kitapikwa hapo hapo.

Mimi mwenyewe sina upande, ingawa mume anadhani nabana pesa. Ukweli ni kwamba nikiwa na miaka saba, Korogwe, mbwa wa jirani aliniuma paja nikapelekwa kuchomwa sindano, na mpaka leo nikisikia mnyororo ukiburuzwa viganja vinalowa jasho. Hilo sijawahi kumwambia mume. Na wala siombi ushauri juu yake, nimelitaja tu. Ninachouliza ni kimoja: mbwa wa mbegu gani anaifaa nyumba kama yetu? Mwenye Rotwaila anasubiri jibu.

Mama wa Goba

JIBU

Marahaba, mwanangu. Na pole kwa usiku ule wa mwezi wa nne. Mtu aliyewasikia wezi wakihamisha vitu vyake, akawa hana la kufanya ila kuwaziba watoto midomo, hawezi kuambiwa "ni pampu tu". Nadhani hata mumeo, huko Tunduma alikopigiwa simu, ana kitu kinachomuuma ambacho hakisemi. Mwanamume ambaye hakuwapo siku hiyo akirudi akidai mbwa mkubwa kuliko wote mjini, mimi simcheki.

Umeniuliza mbegu. Nimesoma barua yako mara tatu nikiwa na hilo swali mkononi, na kila nikisoma linanikimbia, kwa sababu karibu kila ulichoniandikia hakihusu mbegu. Kinahusu saa. Saa za mumeo, saa zako, saa za swala, saa za wachota maji. Mbegu tutaizungumza, usijali. Lakini kwanza niache nikusimulie kosa langu.

Mwaka 1998 nilikuwa nafanya kazi ya zamu Tanga, na tulinunua Jemani Shepadi. Tulimwita Simba, maana nchi hii nusu ya mbwa wanaitwa Simba na nusu iliyobaki wanaitwa Bosi. Tulimchagua kwa masikio yake. Sikudanganyi, yalikuwa yamesimama vizuri. Mchana alifungwa kwenye mwarobaini, usiku anaachiwa. Baada ya miezi michache alikuwa amechimba duara chini ya ule mti, duara kamili kama limechorwa kwa bikari, urefu wa mnyororo wake. Alibwekea upepo. Alibwekea nazi ikianguka. Majirani walizoea, na sisi tulizoea, hata siku wezi walipokuja kweli alibweka kuanzia magharibi na hakuna aliyeinua kichwa. Baadaye tulimpa mtu mwenye mbuzi, Handeni, na nilipokwenda kumwona nilikuta mbwa mwingine kabisa, mkimya, ana kazi.

Nilikuja kujua kwa nini, ila nilichelewa. Mbegu ile ilianzishwa rasmi mwaka 1899 na ofisa wa jeshi wa Kijerumani aitwaye Max von Stephanitz, aliyekuwa akitafuta mbwa wa kuchunga kondoo, yule anayetembea kutwa pembeni ya kundi akitumia akili. Polisi na jeshi walimchukua baadaye. Mimi nilimchukua mfanyakazi wa kutwa nzima nikamfunga kwenye mti. Rotwaila naye ni hivyo hivyo. Jina lake limetoka mji wa Rottweil, kusini mwa Ujerumani, ambako wachinjaji walimtumia kuswaga ng'ombe na kukokota mikokoteni ya nyama. Dume likikomaa hufika kilo hamsini. Huyo ni mbwa wa kushinda karibu na mtu wake, akimwegemea, akisubiri aambiwe kitu. Akimpata huyo mtu, ni mbwa mzuri sana. Swali langu kwako ni jepesi: huyo mtu ni nani? Mumeo yuko njiani kwenda Tunduma.

Kwa upande mwingine, nisikutie hofu ya mbegu kupita kiasi. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Marekani uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kupima vinasaba vya zaidi ya 2,000 kati ya mbwa hao. Mbegu peke yake ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa hiyo jina la mbegu litakuambia vizuri mbwa atakuwa mzito kiasi gani, atakuwa na manyoya ya namna gani, na kwa kiasi fulani atapenda kazi gani. Kama huyu mmoja aliyesimama mbele yako ni mpole au la, hilo jina halitoshi. Wazee walisema nyumba njema si mlango.

Basi tumtazame huyo wa miezi saba. Mumeo anaona ukali, na anaona kwamba mnyororo ndio ulioutengeneza. Mimi naona mbwa mchanga aliyekua bila kuonyeshwa dunia. Kuanzia kama wiki ya tatu hadi ya kumi na nne hivi, mbwa hujifunza kipi ni cha kawaida: watoto, wazee, ndoo, pikipiki, kuku. Asipokutana navyo wakati huo, baadaye anaviogopa, na mbwa mwoga mwenye kilo arobaini ni hatari kuliko mbwa mkali. Kuchachamaa kwa kila kuku si ulinzi, mwanangu. Ni Simba wangu yule. Sisemi hafundishiki. Anafundishika, kwa miezi, na mtu mtulivu anayekuwapo kila siku saa ile ile. Sisemi pia kwamba hatakuwa mbwa bora wa maisha yenu. Ninasema tu kwamba "bure" hapa ni bei ya siku ya kwanza.

Sasa geti. Umeandika kwa mabano, kama jambo dogo, kwamba mnauza maji. Kisima kikiuza maji, geti halifungwi mchana. Wanaochota ni akina nani? Kwetu ni watoto wa jirani, wenye madumu ya lita kumi, wanaokimbizana. Mbwa aliyefundishwa kwamba watu thelathini kwa siku kupita getini ni kawaida hatakufaa sana kwa ulinzi wa mchana. Asiyefundishwa, siku moja mnyororo utakatika. Mtoto akiumwa, hata ikiwa ni mkwaruzo, jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, halafu moja kwa moja hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje. Una duka la dawa, haya unayajua kuliko mimi. Nayataja kwa sababu wewe utakuwa Mbezi. Atakayekuwa na lile jeraha mbele yake ni dada.

Na hapa niseme kilichonishtua. Barua yako yote imejaa watu wenye maoni. Mume ana maoni, binti anayo, kaka, mama mkwe, hata mdogo wa miaka minne umemuuliza kwa namna yake. Dada wa kazi umemtaja mara moja tu, kwenye mstari wa chakula. Lakini mbwa huyu, awe wa mbegu yoyote, saa nne asubuhi siku ya Jumanne atakuwa wa dada. Yeye ndiye atakayempikia dona na dagaa, atakayeokota mavi, atakayepita pale alipofungwa ili kuanika nguo. Kilo hamsini zinakula kama mtu mzima, na hazitakiwi kula kiporo cha mchuzi wenu, kwa sababu vitunguu ni sumu kwa mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Ni sufuria jingine kabisa. Je, anaogopa mbwa? Amewahi kufuga kwao? Angependa? Labda atakushangaza akasema kwao walikuwa nao sita. Labda atasema "sawa mama", kama wasemavyo kwa kila kitu, halafu mwezi unaofuata akaaga anakwenda kumuuguza bibi yake.

Kuhusu mama mkwe nitakwenda taratibu, kwa kuwa mimi si shekhe. Ninavyojua, mumeo hajakosea: hadithi inayofahamika imewatoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wapo wanavyuoni wanaouingiza ulinzi wa nyumba humo. Mama naye hajakosea. Pwani yetu wengi ni wa madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi udenda wa mbwa ni najisi nzito, chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wote wawili wana hoja, ndiyo maana hawamalizani. Ila kuna picha moja ndani ya Kurani ambayo naipenda, ya Watu wa Pangoni katika Sura ya Al-Kahf. Mbwa wao amelala amenyoosha miguu ya mbele, na aya inataja mahali: kizingitini. Yuko nao, na ana mpaka wake. Ukilitazama hivyo, katika mbwa wote mnaogombania, aliye mgumu zaidi kwa bibi ni yule mdogo mweupe wa binti yako, maana huyo ndiye wa kukaa ndani na kulamba mikono.

Lakini ningekuwa wewe nisingeanza na fatwa. Ningemuuliza siku moja mnapochambua mchele, Pangani nguruwe na ngedere walifukuzwa shambani kwa kitu gani? Wakulima wengi wa pwani wamefuga mbwa kwa kazi hiyo, mbali na mkeka wa kuswalia, na vyombo vyao mbali. Inawezekana katika nyumba yako mtu anayejua mbwa kuliko wote ni yeye. Na zaidi ya dini kuna mwili. Ni mama wa miaka sabini, ametoka kufanyiwa macho, anatembea barazani alfajiri. Mbwa mkubwa mchanga akimrukia kwa furaha tu anaweza kumvunja nyonga. Hilo ni jambo ambalo mumeo na mama yake hawawezi kubishana, wakilisikia.

Kajibwa keupe nitakapitia upesi. Maltizi hazidi sana kilo nne. Manyoya yake huendelea kurefuka kama nywele za mtu, yanatakiwa kuchanwa kila siku, na kwa kupe wa Goba hayo ni maficho mazuri. Kijana wako wa miaka minne akimwangusha, mguu umevunjika. Kubweka anabweka, tena sana, na wezi wengi hawapendi kelele hata ziwe ndogo. Ila mbwa wa namna hiyo anaishi kwa kuwa na watu, na ninyi mchana hampo. Mkikataka hata hivyo, msinunue kabla hajafikisha wiki nane, na mwombeni muuzaji awaonyeshe mama wa huyo mtoto wa mbwa. Akianza kueleza kwa nini mama hayupo, rudini nyumbani na laki nane zenu. Na kwa hizo laki nane, piga hesabu ya tofali mwenyewe.

Maana ukuta wa nyuma unahitajika kwa mbwa yeyote. Mumeo anafikiri mbwa atafanya kazi ya ukuta, wakati kozi nne Rotwaila anazivuka akiwa anapiga miayo, na koko hata hazihesabu. Bila ukuta mnabaki na mnyororo, na mnyororo unaturudisha kwenye lile duara. Pa kumweka mchana ni banda lenye uzio wake, kivuli na maji, upande ambao hapapiti mchota maji wala bibi. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze asiteseke, na kumfunga mbwa juani kutwa nzima ni mateso hata kama mtaani kwenu kila mtu anafanya. Rotwaila mweusi kwenye jua la Februari, mbwa asiyepoa kwa jasho kama sisi bali kwa kuhema, fikiria.

Na koko wa Kilosa? Nitamtetea kidogo, kwa kuwa amechekwa. Huko Ulaya na Marekani kuna mbwa wa fahari aitwaye Basenji, anapelekwa kwenye maonyesho, anauzwa kwa bei kubwa. Asili yake ni misitu ya Kongo, na angepita Goba jioni hii mumeo angemwita koko. (Usimtafute huyo, lakini. Habweki kama wenzake, anatoa sauti kama ya mtu anayejaribu kuimba. Mwizi wako angefurahi.) Mtoto wa yule jike la kaka yako ana kitu ambacho wengine wawili hawana: mama yake anajulikana. Kaka yako anaweza kukuambia anafanyaje mgeni akija, anafanyaje na watoto, analala wapi. Miili yao ni midogo, joto wamelizoea. Faida hizo zisikupumbaze, maana parvo, ule ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, na kichaa cha mbwa havichagui mbegu. Chanjo ya kichaa hutolewa akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na za parvo huanza mapema zaidi. Atapita mwaka kabla hajawa mlinzi wa kweli, na katika mwaka huo mtakuwa na mtoto wa tatu nyumbani, anayetafuna kandambili. Wawili kwa pamoja mimi ningeogopa. Ndugu wa tumbo moja wakilelewa pamoja hushikamana wao kwa wao, binadamu wakawa wapita njia.

Unaweza pia kusubiri. Sijaona popote kwenye barua kwamba hilo lilizungumzwa. Mwisho wa mwezi ni wa yule anayehamia Dodoma, si wa kwenu. Ukuta ukaisha, taa ikawekwa nyuma inayowaka yenyewe mtu akipita, na kwa kelele za usiku nimeona watu wakifuga kanga, wale ndege. Kanga wawili juu ya mwembe wana makelele ya harusi nzima. Kusubiri nako kuna gharama yake. Mumeo ataondoka tena na wewe utalala tena umeshika simu, na hofu hiyo siwezi kuipima nikiwa huku mbali.

Nimeliacha lile uliloniambia nisiliguse. Nisamehe, nitaligusa kidogo. Mpango wa mumeo ni mbwa kuachiwa usiku. Wewe unarudi saa mbili usiku. Umeshajiuliza utaingiaje kwako? Na siku akibweka saa tisa usiku, mume yuko Tunduma, atakayetoka kutazama anabwekea nini ni nani, kama si wewe uliyeloa viganja? Unasema mumeo anadhani unabana pesa. Atadhani nini kingine, ikiwa lile paja la Korogwe hajawahi kulisikia? Mtoto wa miaka saba aliyeumwa akachomwa sindano ana haki ya kuogopa hata akiwa na miaka 37, na hofu ya namna hiyo hupungua kwa baadhi ya watu wanapolea mtoto mdogo wa mbwa kwa mikono yao, na kwa wengine haipungui. Siwezi kukuambia wewe ni wa upande gani. Ila mwanamume anayetafuta namna ya kukulinda akiwa mbali, sidhani kama angependa kukuletea nyumbani kitu kile kile kinachokutisha, tena kwa kutojua.

Kama mtataka kumwona yule Rotwaila, mwoneni. Sikatazi. Nendeni mchana, mkiwa na kadi ya chanjo mkononi mkatazame tarehe, na mwombe mwenyewe amfungue muone anavyotembea naye, kama anamwangalia usoni, kama akishabweka anatulia akiambiwa. Mdogo muacheni nyumbani siku hiyo. Dada, kama atakubali, nendeni naye.

Na mkifika, kabla hujamtazama mbwa, tazama chini pale anapofungwa. Angalia udongo umechimbika kiasi gani. Kisha niandikie.